Barua za Kwenye Mtoto wa Meza

Bi Khatoon hakuwa mtu wa kuamini upesi. Katika duka lake la nyuzi na vifungo pale Chake Chake, mteja akija kulalamika kwamba zipu aliyouziwa jana imeachia meno, yeye aliigeuza mwangani mara tatu kabla ya kujibu, na akijibu, alijibu kwa kuuliza. Mumewe Gulam, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania kwamba hata adhana huisubiri ya msikiti wa pili ndipo atandike mswala.

Gulam alifariki mwezi wa Rajabu. Bi Khatoon alikaa eda miezi minne na siku kumi, akamaliza, akafungua duka. Siku ya pili alivuta mtoto wa meza ya mumewe akitafuta mkasi. Mkasi haukuwemo. Zilikuwemo barua sita zilizofungwa kwa uzi mweusi, uzi wa dukani kwake mwenyewe, zote zina stempu za Uingereza. Zimeandikwa kwa mkono, herufi zimeshikana kama nyuzi zilizotatana, na chini ya kila moja pametiwa jina lile lile: Joyce.

Gulam alikijua Kiingereza. Ujanani alikuwa karani wa mizigo ya karafuu bandarini, na lugha ile haikumtoka. Bi Khatoon alisoma msahafu na Kiswahili. Katika Kiingereza alibakiwa na siku za wiki na hesabu hadi mia moja. Lakini jina la mwanamke halihitaji mkalimani.

Alizirudisha zilipokuwa, akafunga duka kabla ya adhuhuri.

Angeweza kumwomba mtu amsomee. Mtoto wa jirani, Ruweida, alikuwa na simu ambayo, kwa maneno yake, ukiipigisha picha karatasi inakutafsiria palepale. Bi Khatoon alimuuliza siku moja, kwa mbali, kama kwamba anauliza habari ya sindano za cherehani.

"Na ikishakusomea," akasema, "ile picha inakwenda wapi?"

"Inabaki humu humu, bibi."

"Humu humu mwako?"

Ruweida akacheka. Bi Khatoon hakucheka. Alishaona picha ngapi za harusi za watu ndani ya simu ile.

Na tangu siku hiyo akaanza kuwaangalia watu upya. Karani wa posta aliyekuwa akimkabidhi Gulam barua mkononi, mbona sasa akimwamkia anatazama chini? Wale wazee watatu waliobeba jeneza, mbona siku ya hitima walikuwa wakinong'onezana? Huenda mji mzima unajua, akawaza, na mie peke yangu ndiye niliyevishwa kitambaa machoni. Miaka thelathini na tisa ya ndoa. Hawakujaaliwa mtoto, na Gulam hakuwahi hata siku moja kumwambia neno la kumuumiza kwa hilo. Sasa upole ule nao akaanza kuutilia shaka. Mtu huwa mpole hivyo kwa sababu gani?

Basi akenda kujiandikisha Kiingereza.

Darasa lilikuwa katika chumba cha skuli, siku tatu kwa wiki, baada ya sala ya alasiri. Mwalimu aliitwa Ashraf, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, mzaliwa wa Vitongoji. Wanafunzi walikuwa tisa, wengi wao vijana wanaotafuta kazi za hoteli. Mtu mzima mwenzake alikuwa mmoja tu, Bi Duni, mkulima wa mwani anayetengeneza sabuni na kuwauzia wageni. Bi Duni alimkaribisha ubavuni pake na kumuuliza kwa uchangamfu, "Weye mwenzangu, Kiingereza wakitakia nini?"

"Nakitaka tu," alijibu Bi Khatoon. Siku ya pili akakaa benchi jingine.

Mwalimu Ashraf hakuanza na mazungumzo. Alianza na kusoma. Aligawa karatasi yenye habari fupi na masuali matano chini yake, akasema wasome masuali kwanza, kisha habari, ili wajue wanachokitafuta.

"Mukikutana na neno musilolijua, musisimame. Liruke, endelea hadi mwisho. Utaona kilichobaki kinakutosha kupata maana. Na jibu limo ndani ya habari. Usilitoe kichwani mwako."

Bi Khatoon aliyaandika yote. Mwalimu huyu naye alimtilia shaka kidogo, maana alikuwa akimwita mama kwa heshima iliyopita kiasi, na marehemu babake alikuwa akisali msikiti mmoja na Gulam. Lakini njia yake aliishika. Akarudi nyumbani, na kila mchana duka likifungwa kwa chakula na sala, alitoa barua moja, akaweka kamusi kando, akajitungia masuali yake mwenyewe. Nani? Wapi? Lini? Amefanya nini?

Neno la kwanza alilolishika lilikuwa *she*. Mwalimu alishawaeleza: Kiswahili kikisema yeye, hujui ni bwana au bibi, Kiingereza kinakuambia papo hapo. Na barua zile zilijaa neno hilo kila mstari. Joyce alikuwa akimwandikia Gulam habari za mtu wa tatu, na huyo wa tatu ni mwanamke.

Kidogo kidogo, kwa kuruka na kuokota, akapata haya. Barua ya kwanza, ya miaka mitatu nyuma: yeye amekuja kwetu mwezi wa Januari. Ya pili: anakula vizuri, anashika kijiko mwenyewe. Ya tatu: anatembea. Ya nne: ameanza kusema maneno machache, anacheka akionyeshwa picha yako. Ya tano ilikuwa na sentensi iliyomchukua siku nne kuifungua, na ilipofunguka aliifunika barua kwa kiganja kana kwamba kuna mtu nyuma yake. Ilisema: *umeniomba nisiliandike jina lake, na sitaliandika*.

Mtoto. Gulam alikuwa na mtoto.

Akapiga hesabu ya miezi. Mwaka mmoja kabla ya barua ya kwanza Gulam alikwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Alisema wiki tatu, akakaa saba. Alikuwa na miaka sitini na minane, lakini wanaume huzaa hata wakiwa na mikongojo. Tena katika ile barua ya kwanza palikuwa na maneno matatu yaliyounganishwa kwa vistari, *sister-in-law*. Kamusi yake ndogo ilimpa la kwanza, dada, na la mwisho, sheria. Alikaa na sheria hiyo mbele yake. Kwani walikwenda mahakamani? Waliandikishana?

Alhamisi ile hakumsomea marehemu sura ya Yasini kama ilivyokuwa ada yake. Wala Alhamisi iliyofuata.

Darasani Mwalimu Ashraf aliona kitu. Bi Khatoon alikuwa akiuliza masuali yasiyokuwemo kwenye karatasi zake: mtu akisema fulani amekuja kwetu, maana yake amezaliwa? Mtu akishika kijiko mwenyewe, huwa na umri gani?

"Sentensi hizi umezipata wapi, mama?"

"Kitabuni."

"Kitabu gani? Huenda ninacho."

"Huna," alisema Bi Khatoon, akakusanya madaftari yake.

Wiki ya tisa Mwalimu Ashraf alileta habari ya mzee aliyeanguka toka juu ya mkarafuu akavunjika mguu. Ilikuwa nyepesi, mistari minane. Suali la mwisho ndilo lililowakwamisha: kabla ya ajali, mzee huyu alikuwa mzima wa miguu? Vijana wakasema habari haisemi. Bi Duni akasema bila shaka alikuwa mzima, kilema atapandaje mkarafuu.

"Hilo umelitoa kichwani, Bi Duni, ijapokuwa ni kweli," alisema mwalimu. "Mimi nataka la kwenye karatasi. Mstari wa saba. Mumeliruka neno."

Akaligongea chaki ubaoni. *Again*.

"Nilikwambieni muruke maneno magumu. Sikukwambieni muruke madogo. Hili maana yake ni tena. Mstari unasema: sasa, Septemba, anatembea tena. Basi alitembea, akaacha, akatembea. Neno moja tu, na limekupeni maisha yake ya zamani."

Bi Khatoon alikuwa akilijua neno lile kwa sura. Alishaliruka mara nyingi katika zile barua. Akainua mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mwalimu, n'na suali. Mtoto mchanga, siku anayoanza kwenda, husemwa kwa neno hilo?"

"Hasemwi, mama. Mtoto ataendaje tena, naye hajapata kwenda?"

"Na kusema maneno? Akiandikwa anasema tena?"

"Huyo si mtoto. Huyo ni mtu aliyekuwa akisema, yakampata maradhi, ulimi ukafunga. Kiharusi, labda."

Bi Khatoon alilifunga daftari lake. Alingoja mpaka wenzake wametoka, hata Bi Duni aliyekuwa akichelewesha kufunga mkoba wake, ndipo akachana kipande cha karatasi na kuandika yale maneno matatu yenye vistari. Akamsukumia mwalimu.

"Hili ni jambo la mahakama?"

Ashraf akasoma. Hakumcheka. "La, mama. Hili ni neno moja, wala halina mahakama. Ni shemeji. Ikiwa anaambiwa mwanamume, basi ni dada wa mkewe, au mke wa kaka yake."

Gulam hakuwa na kaka. Alizaliwa peke yake. Na Bi Khatoon alikuwa na dada mmoja.

Jina la dada huyo, Rumana, lilikuwa na miaka kumi na tisa halijatajwa nyumbani mwake, kwa amri yake mwenyewe. Mama yao aliugua miaka miwili. Bi Khatoon alimgeuza, alimkogesha, alimlisha, na Rumana yuko Uingereza anapiga simu na kulia. Mama akafa. Rumana hakuja kuzika. Siku ya arubaini Bi Khatoon alisema mbele ya Gulam kwamba mtu yule hana tena jina ndani ya nyumba hii, na yeyote atakayelitaja atoke nalo.

Alikwenda nyumbani kwa miguu, akazitandaza barua zote sita, na safari hii hakuruka kitu. Alishika kila neno dogo kwa kidole. Joyce alikuwa mfanyakazi katika nyumba ya kulelea wagonjwa. Rumana alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia umekufa, na katika mkoba wake ikakutwa anwani ya duka la Chake Chake. Joyce akaandika barua ya mwanzo, ambayo Gulam hakuiweka pamoja na hizi sita, na Gulam akajibu. Kwa hofu ya mkewe akaomba jina lisiandikwe. Akatuma picha, na ilikuwa picha ya wawili, yeye na Khatoon mbele ya duka. Barua ya sita ilikuja miezi miwili kabla ya Gulam kufa, na ilimalizika hivi: kila Ijumaa ananiuliza kama dada yake amekubali kuzungumza naye. Nimwambie nini?

Alilia, lakini hakulia kwa furaha. Alikuwa na hasira na watu watatu, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe. Gulam alimficha miaka mitatu. Alikaa naye meza moja, akala, akamtania habari za adhana, na huku ana barua mfukoni. Kumbe shaka yake haikuwa ya bure. Kulikuwa na siri. Ila mlango wa siri hiyo aliufunga nani? Alifikiri juu ya mumewe akinunua stempu kwa kujificha kama mwizi, mzee wa miaka sabini, kwa ajili ya dada wa mkewe. Alhamisi hiyo alimsomea Yasini, na zile mbili zilizompita akazilipa.

Kisha akaandika. Mistari minne, kwa Kiingereza chake mwenyewe: Mimi ni Khatoon. Gulam amekufa. Dada yangu yuko hai? Namba yangu ni hii. Alimwonyesha Mwalimu Ashraf kabla ya kuibandika stempu, akiwa amekunja sehemu ya juu ili asione inakwenda kwa nani. Ashraf alirekebisha herufi moja, wala hakuuliza neno. Tangu hapo Bi Khatoon alimpunguzia shaka.

Zikapita wiki tano bila kitu. Alimfikiria karani wa posta: pengine ameifungua, pengine ameitupa. Alikwenda mara mbili kumuuliza, na mara ya pili yule karani akamwambia, macho chini vile vile, "Bi Khatoon, nisamehe. Marehemu alinipa amana nisikwambie, na kila nikikuona naona haya." Akamjibu kwamba amana yake imekwisha, na kwamba barua yoyote ikija aipeleke dukani mbio.

Haikuja barua. Ilikuja simu, asubuhi ya Ijumaa, namba ndefu. Sauti ya kizungu ilisema maneno mengi ya haraka, na kati yake Bi Khatoon akashika *sister*, dada, na *here*, hapa. Kisha pumzi. Kisha sauti nzito, inayoburura kila neno kama mtu anayepanda ngazi.

"Khatu. N'mie."

Bi Khatoon alikalia mzigo wa vitambaa. Alikuwa ameandaa maneno mazuri wiki tano nzima. Yaliyotoka hayakuwa hayo.

"Mbona hukuja kumzika mama?"

Rumana alianza neno, akaliacha, akaanza tena.

"Pasi yangu... walikuwa nayo wao. Serikali. Miezi minane. N'likuonea haya kukwambia... kwamba sina ruhusa ya kutoka."

"Mbona hukuandika?"

"N'liandika. Ulirudisha."

Hilo lilikuwa kweli. Alizirudisha mbili bila kuzifungua. Ama la pasi, hakujua. Huenda ni kweli, huenda ni maneno ya mtu aliyepata miaka kumi na tisa ya kuyapanga. Mteja aliingia akitaka vifungo vya shati, Bi Khatoon akamwashiria angoje.

"Ijumaa ijayo nipigie," akamwambia dada yake. "Saa hizi hizi. Habari ya pasi utanieleza toka mwanzo, polepole, usiruke kitu."

"Ntakupigia."

"Na huyo Joyce mwambie asiondoke karibu. Nna masuali yake pia."

Akakata simu, akamgeukia mteja, akamuuliza anataka vya matundu mawili au manne.