Breki za Baba

Juzi stendi nilimwona dereva wa bodaboda akifunga breki, na mtoto aliyempakia nyuma akajibamiza mgongoni kwake. Nikamkumbuka marehemu baba, mtu asiyekumbatia watoto. Alasiri moja alinipakia kwenye baiskeli kutoka Mlingotini, shati lake likinuka jasho na moshi wa samaki. Kila alipofunga breki, uso wangu ulimgonga mgongoni.

"Baba, mgongo wako unanivuta."

"Unavutwa na njaa wewe. Shika vizuri, mama."

Niliamini ananivuta kwake. Sasa najua ni mwendo tu: baiskeli husimama, mwili huendelea. Shule yangu ndogo, huenda nakosea, wala sitaki kumsingizia mapenzi. Ila njia ilikuwa nyeupe, haina mtu wala mbuzi, naye aliendelea kufunga breki.