Mpira Gotini

Habari za kifo chake zilinikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda, nikijifunga mpira gotini. Ni mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, uliokatwa mwembamba na mrefu, na wanyanyua vyuma wa mtaa wa Katoyi hatuna bandeji nyingine zaidi ya huo. Mwenzetu mmoja alinipigia simu, akasema kwa sauti ya chini, "Muzee, papa wa viazi ametuacha. Goti njo ilimuua." Nilidhani amechanganyikiwa, maana goti haliui mtu. Akanieleza. Marehemu alikuwa amelifunga goti lake bovu kwa mpira, si saa za mazoezi tu bali kutwa nzima, wiki baada ya wiki, chini ya suruali, ili asionekane akichechemea. Daktari aliwaambia nduguze kwamba damu iliganda mguuni ikapanda hadi mapafuni. Niliutazama mguu wangu. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Niliufungua mpira ule, na siku kadhaa baadaye nilikuwa bado napapasa shavu la mguu kila saa, nikitafuta uvimbe.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Yeye aliuza viazi vilivyoshuka kutoka Kibumba, mimi naandika safu hii mnayoisoma, na kilichotukutanisha ni uwanja mdogo wenye sakafu ya mawe meusi ya volkano, ambako chuma chetu ni ekseli ya lori na uzito wake ni saruji iliyomwagwa ndani ya makopo ya rangi. Uwanja ule una desturi moja. Mtu akishanyanyua, hata kama macho yanamtoka na pumzi imekata, lazima aulize wenzake, "Njo hii tu?", kana kwamba uzito ule si kitu. Asiyeuliza huchekwa hadi jioni. Miaka yote niliiona desturi ile kuwa mzaha mtamu. Sasa nikiikumbuka naona aibu.

Miezi michache iliyopita alichuchumaa na chuma mabegani, na sote tukasikia goti lake likilia kama kijiti kikavu kikivunjika. Rangi ilimtoka usoni. Alisimama polepole, akashusha chuma, akauliza, "Njo hii tu?" Tulicheka, na mimi nilicheka kwa nguvu kuliko wote, kwa kuwa goti langu pia lilikuwa limeanza kunisumbua na sikutaka mtu anitazame. Baadaye tulikaa ukutani tukinywa maji, akaniambia bila kugeuza kichwa, "Haiko goti njo naogopa, muzee. Naogopa siku tutakimbia tena. Mama nitamubeba na nini?" Mama yake hatembei. Asubuhi ile mlima wa moto ulipotutisha na mji mzima ukaelekea njia ya Sake, alimbeba mgongoni kutoka Katoyi hadi Mugunga, wala hakumweka chini ila mara mbili. Mtaa mzima ulimtania kwa miezi kwamba yeye ni lori. Mimi nilimjibu neno la kipuuzi kabisa. Nilimwambia, "Utapona tu, papa." Kisha tukarudi kwenye chuma.

Nadhani mtu wa mji mwingine, goti likimuuma, huogopa ngazi. Sisi hupima umbali wa barabara kuu. Nyumbani kwangu, kama kwa wengi wenu, kuna mfuko nyuma ya mlango wenye vyeti vya watoto na nguo mbili tatu, na kila kishindo cha mbali kikisikika, jicho huenda kwanza kwenye mfuko, kisha kwenye miguu. Mwanamume aliyevuka hamsini hapa haulizwi kama ana afya. Anatazamwa kama bado anaweza kubeba. Ndiyo maana tunaficha. Tunakwenda sokoni tumekaza meno, tunapanda mawe huku tunatabasamu, na mke akiuliza tunasema ni uchovu. Wangu hakudanganyika. Alipouona ule mpira kitandani alisema, "Ile kitu usiifunge tena. Unataka nikulilie na wewe?" Hofu yake na yangu zilikuwa zilezile.

Siku ya mazishi, watu wa uwanjani ndio tuliotakiwa kulitoa jeneza hadi barabarani, kwa kuwa gari haliwezi kuingia kwenye mawe ya uchochoro wake. Tulikuwa wanane. Wakanipanga mbele kushoto, upande wa goti bovu. Akilini nililiona jeneza likiniponyoka mbele ya mama yake, aliyekuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki. Jasho lilinitoka. Nikasema, "Mimi siwezi mbele. Goti yangu imeharibika." Nilingoja kicheko. Badala yake jitu letu kubwa kuliko sote likainamisha kichwa, likasema, "Mi pia. Mugongo, toka mwaka jana." Mwingine akataja bega. Tulikuwa wanane, na wazima hawakufika wanne. Tukajipanga upya, tukawa tunasimama na kupokezana kila baada ya hatua chache, na tulimfikisha.

Tuliporudi kutoka makaburini, mama yule alituuliza swali nililokuwa naliogopa tangu asubuhi: "Sasa siku ya kukimbia, nani atanibeba?" Hakuna aliyeahidi kitu. Tulisogea wanne, tukakishika kiti miguu yake minne, tukakinyanyua naye akiwa amekikalia, tukampeleka hadi barabarani na kumrudisha, ili tujue kama tunaweza. Goti langu lilipiga kelele njia nzima. Tulipomweka chini, mdomo wangu ulikwisha kufunguka kusema maneno yetu ya uwanjani, "Njo hii tu?", kwa mazoea. Nikayameza. Nikasema, "Mama, uko muzito."

"Najua, mutoto yangu," akasema. "Na yeye alijuaka. Ni kusema tu njo ilimushinda."

Basi wasomaji wangu, hilo la kusema ndilo nililorudi nalo kutoka kilio kile, nami nalianza leo, mbele yenu. Goti langu ni bovu, mbio zikija sijui nitafika wapi, na ninaogopa.