Mbolea Iliyosubiri Kuiva

Nilisafiri siku mbili kurudi Bunda, na harufu ya duka la pembejeo ikanirudisha utotoni. Serikali ilimpa baba mfuko wa mbolea ya ruzuku. Asiyeitumia vizuri hapewi tena. Baba akaimwaga kando ya zizi, akairundika kama samadi.

"Baba watoto, itie shambani!" mama akamsihi.

"Ikiwa mbichi inaunguzaga mahindi. Iive kwanza."

Mvua ikanyesha, lundo likayeyuka. Bwana shamba alipokuja, mahindi yetu yalikuwa ya njano, lakini magugu ya pale zizini yalimfika kifuani.

"Ndugu, mbolea iko wapi?"

Baba akayaonyesha magugu kwa fahari. "Si unaona? Imeiva."

Hatukupewa tena. Siku nilipoondoka nyumbani moja kwa moja, nguo zangu zilikuwa ndani ya mfuko ule, ukinuka vilevile.