Mke wa Yule Apigaye Magoti

Wanawake wa Giakanja walimwonea wivu Wakonyo kwa jambo moja tu. Halikuwa shamba, maana shamba lake lilikuwa kipande cha kahawa kilichoshikilia mteremko kwa kucha. Haikuwa nyumba pia, kwani ilikuwa ya mbao na mabati kama zao. Walimwonea wivu kwa sababu mumewe alipiga magoti.

Mutahi alipiga magoti mbele ya watu, katika ukumbi wa mjini Nyeri, akiwa amevaa suti ya kijani aliyoishona mwenyewe, suruali imepanuka chini hadi inafagia sakafu. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibaraza karibu na soko. Mwaka wa sitini na tisa yeye na wenzake watatu walianzisha kikundi cha kuimba, wakakiita Harmoni Wanne. Sulemani, muuza nyama wa Majengo, aliimba sauti ya pili. Simeon, mwalimu wa shule ya msingi, alishika ya tatu. Besi ilikuwa ya Ngatia, dereva wa lori, na watu walisema sauti yake husikika tumboni kabla haijafika masikioni.

Walijifunza kutoka kwenye santuri za Wamarekani weusi, vile vikundi vya wanaume waliosimama kwa mstari wakiwa wamevaa sare, wakimbembeleza mwanamke asiondoke. Sulemani alikuwa na gramafoni. Jumapili walikaa kuizunguka, kila mmoja akichagua sauti yake ndani ya wimbo kama watu wanaogawana mbuzi, na hakuna aliyegombea paja la mwenzake.

Ilipofika sehemu ya kuomba msamaha, Mutahi aliteremka polepole mpaka magoti yakagusa sakafu, mkono mmoja kifuani, sauti imepanda juu na kuwa nyembamba kama uzi. Nyuma yake watatu waliitikia kwa upole. Ukumbi mzima ulinyamaza. Huku kwetu mwanamume hakuwa na desturi ya kumwomba mkewe msamaha. Akikosea, alileta kilo ya nyama, akaitundika msumarini jikoni bila neno, na mambo yakaisha hapo.

Wakonyo aliwasikia mara ya kwanza akiwa msichana, alipopelekwa ukumbini na binamu yake Watiri. Hakujua Kiingereza cha kutosha kuyafuata maneno, wala hakuyahitaji. Mtu mmoja akikwambia anakupenda, unaweza kumtilia shaka. Lakini wale walikuwa wanne, na watatu walisimama nyuma ya mmoja kama mashahidi, wakithibitisha kila alichosema. Msichana wa watu angeanzia wapi kukataa? Mwaka uliofuata akaolewa na Mutahi. Siku ya harusi wale wanne walimwimbia, na mama yake mzazi, mwanamke mkavu aliyekuwa kizuizini wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, akajifuta macho kwa pembe ya leso.

Nyumbani Mutahi hakuwa mtu mbaya. Hakupiga, hakutukana. Ila maneno yote aliyaacha ukumbini. Alirudi amechoka, akala, akalala. Alipomkanyaga mguu gizani hakusema pole. Alipokunywa fedha za dawa ya kahawa, alikaa siku nzima akitazama Mlima Kenya kana kwamba mlima ndio uliozichukua. Na Wakonyo kila alipokwenda kiwandani kupeleka kahawa, wanawake waliokuwa kwenye foleni walimgeukia.

"Mama Ngendo, wewe uko na bahati," wangesema. "Huyu wangu hata kusema samahani hajui."

Wakonyo angetabasamu. Ngendo alikuwa kifungua mimba wake, na baada yake walifuata wavulana wawili. Kwa miaka mingi kutabasamu huko kulikuwa kazi nyingine juu ya kazi zake, kama kuteka maji. Angeanzaje kuwaambia kwamba mtu wao wa magoti hajawahi kumpigia goti mkewe?

Kisha disko likaja. Ukumbi uliagiza mashine zenye taa, vijana wakaanza kucheza kila mtu peke yake, na wanne wale wakawa hawaitwi ila harusini, tena harusi za watu wa makamo. Simeon alihamishiwa shule ya mbali. Ngatia alizidi kukaa barabarani na lori lake. Mutahi alishona kaptura za shule na kunywa. Siku moja akasema amepata kazi ya kuimba Timau, katika baa ya wafanyakazi wa mashamba ya ngano, atarudi mwisho wa mwezi.

Hakurudi mwisho wa mwezi ule wala mwaka ule. Habari zilifika kidogo kidogo, kama zifikavyo habari za namna hiyo: kwamba kuna mwanamke mwenye hoteli huko, kwamba Mutahi ana cherehani mpya, kwamba anamwita yule mwanamke kwa majina ya kwenye nyimbo.

Wakonyo hakupiga mayowe. Alifunga leso kiunoni akaendelea. Alichuma kahawa, alikata majani ya ng'ombe, alibeba maziwa alfajiri mpaka barabarani, alirudi akapika, akalima, akapalilia, akahudhuria mikutano ya wazazi, akaketi nyuma. Uchovu ukamwingia mifupani ukajenga humo. Kuna asubuhi alipokaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi, akashindwa kukumbuka alikuwa anataka kukivaa au amekivua.

Aliyekuja kumwona ni Sulemani. Kila Idi alipanda kutoka mjini na nyama iliyofungwa kwenye karatasi, akaketi kwenye kigoda nje ya jiko, kofia yake gotini. Idi moja akasema lililomsumbua.

"Shemeji, mimi sina amani. Sisi tuliokuwa nyuma yake tulikuwa tunamwitikia. Akisema hatakuacha, sisi tunasema ndiyo, hatakuacha. Ni kama tulikudanganya pamoja naye."

Wakonyo alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuusimamisha ungo.

"Hapana, Sulemani. Nyinyi mliimba vizuri."

"Lakini shemeji..."

"Mliimba vizuri. Kunywa chai, itapoa."

Mwaka wa mahindi ya njano ukafika. Mvua ilikataa, mashamba yakawa kama jivu, na serikali ikaleta mahindi kutoka ng'ambo, ambayo watoto waliyala huku wamekunja nyuso. Alasiri moja ya mwaka huo Wakonyo alikuwa anapanda kutoka bondeni na mzigo wa majani mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, macho yakitazama ardhi. Karibu na boma lake akasikia sauti nne zikipimana kwa chini. Kwa muda alidhani ni redio ya jirani.

Walikuwa uani kwake wamejipanga. Sulemani amenenepa, Simeon amepata mvi, Ngatia amesimama kando kidogo akiegemea mguu wake mzima, maana ule mwingine uliumia katika ajali ya lori. Mbele yao alisimama Mutahi, amekonda, shati limepauka mabegani. Yule mwanamke wa Timau alikuwa amemfukuza; hilo Wakonyo alikuja kulijua baadaye. Majirani walikwisha kujaa uani na kando ya ua wa miti, wanawake mbele. Ngendo, aliyekuwa msichana mkubwa sasa, alisimama mlangoni mwa jiko mikono ameikunja.

Mutahi alimwona mkewe akipanda. Akavuta pumzi, akaanza ule wimbo. Watatu wakaingia chini yake taratibu, na ingawa sauti zilikuwa zimechakaa, zilikaa mahali pake kila moja. Mutahi akateremka. Magoti yakagusa vumbi. Mwanamke mmoja uani akasema, "Uuuui," kwa sauti ya kuyeyuka.

Wakonyo alisimama mzigo ukiwa bado mgongoni. Wimbo ulikuwa mzuri kama zamani, na hilo lilimkasirisha kuliko chochote. Akangoja mpaka Mutahi alipovuta pumzi.

"Baba Ngendo," akasema. "Sema bila kuimba."

Wimbo ukakatika. Mutahi akatazama nyuma, kama mtu anayetafuta ukuta wa kuegemea. Sulemani alimtazama kitambo, kisha akawagusa wenzake mabegani, na wote watatu wakaanza kutembea kuelekea langoni, Ngatia akichechemea mwisho. Huko langoni wakasimama, migongo wakiwa wamemgeuzia. Mutahi akabaki peke yake vumbini.

"Watu wanatuangalia," akanong'ona.

"Wamezoea kukuangalia."

Alikohoa. Alifuta mikono kwenye suruali. Sauti iliyotoka haikuwa ile nyembamba ya ukumbini. Ilikuwa ya kawaida, yenye mikwaruzo, sauti ya fundi anayemweleza mteja kwamba nguo haijawa tayari.

"Nilikuacha," akasema. "Nilikuacha na watoto. Mvulana mdogo alipougua niliambiwa, na sikuja. Niliogopa kuja. Nilikuwa nimezoea kupigiwa makofi, na hapa... hapa hakuna makofi. Nimekukosea, Wakonyo. Sijui niseme nini kingine."

Hakuna aliyesema "uuuui" safari hii. Wakonyo alihisi kamba ikimkata paji la uso. Alikuwa amengoja maneno hayo kwa miaka, na alidhani yakija atalia, au atamtemea mate, au moyo utafunguka kama dirisha. Hakuna kilichofunguka. Ni miguu tu iliyomuuma.

Akaushusha mzigo mbele yake.

"Shika hii majani upelekee ng'ombe," akasema. "Iko na njaa tangu asubuhi."

Akaingia jikoni, akampita Ngendo, akawasha moto. Baada ya muda akaagiza wale watatu waitwe, wanywe uji kabla ya kuteremka mjini.

Mambo hayakuwa mepesi. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakasema yao. Wakonyo akakubali Mutahi alale kwenye stoo ya kahawa, kati ya magunia, na huko alilala mpaka mvua iliporudi na maharagwe yakachanua. Ngendo hakumsemesha baba yake kwa muda mrefu. Mutahi alifungua kibaraza cha kushona hapo sokoni Giakanja, akawa anashona sare za shule na kubana nguo za marehemu zitoshee warithi. Asubuhi aliamka kabla ya mkewe akapeleka maziwa barabarani. Wapo waliomwona na ndoo wakamcheka, naye akaendelea na njia yake. Hakuimba tena nyumbani.

Ila redio iliimba. Jumapili alasiri kulikuwa na kipindi cha nyimbo za zamani, na Wakonyo alianika betri juani tangu asubuhi ili zisimkatikie. Watu walituma salamu kutoka Kiganjo, kutoka Timau, kutoka kila kona, wakiomba zile zile za wanaume wanne wanne wanaobembeleza. Vijana walikuwa na muziki wao, na bado wakitaka kuoa waliziomba hizo. Ngendo, ambaye naye wakati huo alikuwa amechumbiwa, alishindwa kuelewa.

"Mama, unawezaje kusikiliza hizi? Baada ya yote?"

"Nyimbo hazikunikosea," Wakonyo akasema. "Aliyenikosea ni baba yako."

"Lakini ni uongo. Hakuna mwanamume kama huyo."

Miguu ya Wakonyo ilikuwa ndani ya beseni la maji moto yenye chumvi, nyufa za visigino zikiuma.

"Labda hakuna," akasema. "Lakini mtu aliyezitunga alijua mwanamke anachotaka kusikia. Hata hilo tu ni kitu. Mama yangu hakuna aliyejua. Hakuna hata aliyeuliza."

Ngendo akaondoka kwenda kuleta kuni.

Mutahi alikuwa kizingitini, amerudi kutoka sokoni, uzi mweupe umeng'ang'ania mkono wa koti. Alikuwa amesikia. Wimbo ulipofika mahali pa sauti ya juu, aliinamisha kichwa na kunyoosha mkono kuizima redio.

"Wacha," mkewe akasema, macho ameyafumba tayari.

Akaacha. Akaketi kwenye kigoda, mbali kidogo naye. Wimbo haukuwa umeisha Wakonyo alipolala, ameketi vile vile, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo. Mutahi alingoja mpaka mtangazaji akaanza kusoma salamu. Kisha akainuka, akaitoa miguu ya mkewe mmoja mmoja, akaifuta kwa taulo, akabeba beseni nje kwenda kumwaga maji.