Safari ya London ya Kumrudisha Salma kwa Mumewe

Nilikwenda London kwa sababu shemeji yangu alipiga simu. Idi, mume wa mdogo wangu Salma, anaishi Leicester, Uingereza. Alimpigia baba mdogo Ijumaa moja baada ya swala, akasema mke wake ameharibiwa na mwanamke wa Kiisraeli. Kwamba miaka miwili sasa Salma amemhama, anakaa peke yake Woolwich, London, anadai talaka, na madai yote hayo amelishwa na huyo mama. "Wana vikao," alisema Idi. "Vya kutetea wanawake." Na kwa kuwa ndoa ilifungwa hapa Tanga, Salma alikuwa amemwandikia kadhi wa hapa aivunje. Kadhi akajibu kwamba atasikiliza familia kwanza. Basi kikao cha familia kikanitazama mimi Rehema, mwalimu mstaafu, mjane, mwenye Kiingereza cha ubaoni, ninayemshuku hata muuza maziwa niliyemzoea. Nikaagizwa nikamrudishe Salma kwa mumewe. Nikishindwa, nirudi na ushahidi kwamba mwenye kosa ni yeye, ili kadhi alitupilie mbali shauri lake. Neno langu ndilo lingeamua anafunguliwa au anabaki.

Jumanne, saa mbili asubuhi, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nilifika mapema mno, maana siwaamini watu wanaosema muda bado upo. Begini nilikuwa na visheti, dagaa wa kukaanga na daftari jipya la ushahidi. Nililigawa sehemu mbili: huku makosa ya Salma, kule makosa ya yule mwanamke. Idi sikumtengea hata ukurasa. Wala halikunijia kichwani kwamba anaweza kuwa na makosa.

Jumatano asubuhi, Heathrow. Afisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kufanya nini, nikasema kumtembelea mdogo wangu. Ni kweli, lakini nilijisikia kama nimeiba. Salma alikuwa akinisubiri nje, kavaa koti la mvua juu ya sare ya kazi. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yetu, nami nikajiambia, hii janja. Treni moja ilitubeba hadi Woolwich, kipande kikubwa cha njia tukiwa chini ya ardhi, na njia nzima sikumgusia habari za mumewe. Nilitaka aanze yeye. Hakuanza.

Woolwich sikukuta ule ugeni niliouogopa. Sokoni kuna ndizi za kupika, mihogo na vitenge, na mama mmoja wa Kikongo aliposikia tunazungumza Kiswahili alituita, "Bamama, mukuje muone sombe!" Sombe ni kisamvu chetu hiki hiki. Salma alinunua mafungu mawili, akanipikia, akanitandikia kitanda chake, yeye akalala chini. Chumba chake ni kidogo, na jiko wanachangia wapangaji wanne. Wema wote ule niliuandika daftarini nikauwekea alama ya kuuliza.

Jumamosi, Salma alipokwenda shifti ya asubuhi, nilifungua droo zake zote. Nisiseme uongo. Nilitafuta barua za mwanamume, vipeperushi, chochote kile. Nilikuta soksi, dawa za mgongo, na cheti chake cha ndoa ndani ya mfuko wa plastiki. Aliporudi aliona droo moja haikufungwa vizuri. Akavua viatu taratibu, akakaa.

"Dada, unatafuta nini? Si uniulize."

"Nani anakutia maneno, Salma?"

"Hakuna. Unamtaka Orna, yule Mwisraeli? Kesho niko kwa mama yake. Twende ukamwone mwenyewe."

Machale yakanicheza. Mtu mwenye siri hakualiki kirahisi hivyo, isipokuwa amejipanga. Nikakubali, lakini nilikaa chonjo.

Jumapili, saa nne asubuhi, tulipanda treni, tukabadilisha katikati ya mji, tukateremka Hendon, kaskazini. Huko Salma anamtunza mama mzee asiyeweza kusimama. Anamwogesha, anamlisha, anampa dawa. Orna ndiye binti wa huyo mzee. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwanamke wa sauti ya mikutano. Aliyetufungulia mlango ni mama wa miaka hamsini na kitu, nywele fupi zenye mvi, aproni imelowa. Akanikaribisha chai. Nikasema nimefunga. Sikuwa nimefunga. Salma alinitazama kwa jicho la pembeni.

Jikoni tuliwakuta wanawake wengine wawili, nao wa Israeli, mmoja kafunika nywele kama mimi. Hapakuwa na bendera wala vitabu. Palikuwa na orodha ya majina na simu tatu mezani. Nikafungua daftari langu waziwazi, waone kwamba mimi si mtu wa kuchezewa. Orna alizungumza Kiingereza polepole kwa ajili yangu, na kilipozidi Salma akatafsiri.

"Kwetu ndoa ya Wayahudi inafungwa na kuvunjwa na mahakama ya dini," alisema, "na mahakimu wake wote ni wanaume. Hata mtu asiyesali, kama mimi, hana mlango mwingine. Na talaka lazima itoke mkononi mwa mume. Asipotaka, mke anabaki amefungwa. Jeshini walinifundisha bunduki nikiwa na miaka kumi na minane. Baadaye nikawa na kliniki yangu, nikaajiri watu. Lakini kutoka kwenye ndoa sikuweza, mpaka mwanamume mmoja apende."

Mwanamume huyo alikuwa amehamia London bila kumwachia talaka. Orna akamfuata, akakaa akimdai miaka kumi na mmoja. Wenzake wawili wale waume zao nao wamekimbilia huku huku.

Nikamwomba anionyeshe hiyo talaka yao inatolewaje. Nilitaka kumnasa akitia chumvi. Orna akavua pete ya shanga aliyovaa, kwa sababu wakati wa kupokea mkono hautakiwi kuwa na kitu, akampa Salma bahasha ya bili ya gesi, kisha akakinga viganja viwili kama mtu anayepokea maji.

"Haturuhusiwi kuinyakua," alisema. "Anaiachia yeye, inaanguka. Nikiinyakua haihesabiki."

Salma akaiachia bahasha. Ikatua viganjani. Orna akaifumbata, akaibana kwapani, akatembea hatua chache hadi kwenye friji, akageuka. Hakuwa anacheka. Nilipomtazama Salma alikuwa ameelekea dirishani, anajifuta macho kwa mkono wa sweta. Sikuwahi kumwona Salma akilia tangu tulipomzika baba.

"Sasa yeye ilikuwaje akakubali, baada ya miaka yote hiyo?" niliuliza.

Orna alinieleza kwamba kwao sala ya pamoja haianzi mpaka watimie wanaume kumi. Mumewe alikuwa akisali kila asubuhi kwenye sinagogi dogo la mtaani. Orna na wenzake hawakuhangaika naye tena. Waliwapigia simu wake za wale anaosali nao, mmoja mmoja, wiki baada ya wiki, wakawaeleza. Asubuhi moja yule bwana akaingia, ndani wapo tisa, yeye wa kumi. Mzee wao akahesabu, akasema, "Tuko tisa. Tunasubiri mtu." Na yeye amesimama pale pale. Wakafanya hivyo kesho yake, na kesho yake tena. Kabla baridi haijaisha akaiandikisha talaka.

Hiyo ndiyo orodha iliyokuwa mezani: wake za watu wanaosali na mume wa yule aliyefunika nywele. Nilishika kalamu nisijue niandike sehemu ipi.

Lakini mimi sitekwi kirahisi. Nikamwuliza nililokuja nalo moyoni tangu Tanga.

"Na wanawake wa Palestina? Huo usawa wenu unawafikia?"

Salma alisita kutafsiri, ila Orna alikuwa ameshaelewa. "Hauwafikii," alisema. "Kikundi chetu kiligawanyika kwa swali hilo. Mimi nimeingia barabarani kupinga vita, na dada yangu aliye Haifa hazungumzi nami tena. Wengine wanasema tushughulikie talaka tu."

"Mimi ndiye ninayesema hivyo," akasema yule aliyefunika nywele, bila kuinua macho.

Jibu halikuniridhisha, na sijifanyi kwamba nilimpenda Orna. Ila hakunidanganya, na mimi nilikuwa nimemdanganya hata kuhusu chai.

Saa nane mchana nilitoka uani nikampigia Idi. Nilijiambia ninampa taarifa. Ukweli, nilitaka aniambie kitu cha kunituliza, maana shaka yangu ilikuwa imeanza kuhama upande.

"Salma nimemlainisha," nikasema, nikimchimba. "Wiki hii namleta kwako mwenyewe, Leicester."

"Usimlete huku, dada," akasema haraka.

"Si ndiye unayemtaka?"

"Dada, tuelewane. Nyumbani kuna mtu. Nimeoa, mwaka wa pili huu. Salma akae huko huko."

"Basi mwandikie talaka yake."

Akacheka, kicheko cha mtu anayezungumza na mtu wake. "Talaka ya nini? Aliniaibisha kuondoka. Na aote mvi akiitwa mke wangu. Nyie mwambieni kadhi kwamba ni mkaidi, inatosha."

Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, kwa mazoea tu, nikakata simu. Nilisimama pale kwenye baridi nikiwa na hasira na Idi, na zaidi na mimi mwenyewe. Nilikuwa nimemshuku kila mtu njia nzima, isipokuwa aliyesababisha nitumwe.

Kwenye treni ya kurudi Woolwich nilimwuliza Salma kama anajua Idi ameoa.

"Najua. Nilimwambia baba mdogo tangu mwaka jana. Akasema mwanamume ana haki yake."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ulikuwa unanitafuta kwenye droo, dada."

Nilinywea. Siku zilizobaki nilimpikia mimi, na usiku nikalala chini mimi. Msamaha nilimwomba Alhamisi, uwanja wa ndege, nikiwa nimeshika pasipoti. Alinijibu kwamba msamaha ameupokea, ila anachotaka ni talaka.

Jumamosi, saa tano asubuhi, Tanga, sebuleni kwa mama. Walikuwepo baba mdogo, shangazi, na mama yetu, ambaye tangu siku ya ndoa humwita Idi mwanangu. Niliwasomea maneno ya Idi niliyoyaandika daftarini, neno kwa neno, nikasema Jumatatu nitamsomea kadhi hivyo hivyo. Nikawaambia pia nilichojifunza huko: kwamba Idi peke yake hana nguvu ya kumfunga Salma. Anaiweza kazi hiyo kwa sababu kila akibisha hodi kwetu tunamfungulia kama mkwe mwema. Shangazi akatazama sakafu. Mama sikujua hata kama ananifuata. Baba mdogo akasema maneno ya simu si ushahidi, tumpigie mwenyewe. Akaiweka simu mezani, akafungua sauti tusikie wote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Dada yako Rehema karudi, yuko hapa."

"Shikamoo, dada Rehema."

Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Hata mwizi akikupa utaitikia kwanza, ndipo upige kelele. Mimi sikuitikia. Idi akairudia, akidhani ni mtandao.

"Mwitikie mwenzio," baba mdogo akaninong'oneza.

"Nitamwitikia akishaandika talaka ya Salma," nikasema, na sauti sikuipunguza.

Kisha Idi, kwa upole, akasema, "Nipeni mama nimsalimie." Alijua anafanya nini. Mama hajawahi kumnyima kitu. Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, macho wazi, ananitazama mimi.

"Shikamoo, mama," simu ikasema.

Mama akajivuta mpaka mezani, akainama karibu kabisa na simu.

"Mwambieni mama amelala."