Mashine ya Hewa ya Mama

Nyumba ninayoishi Tunduma ilijengwa na mtu aliyependa makuu. Alikwenda huko kusini kwa biashara zake, akaona nyumba za watu ambazo hewa inatembea darini, akarudi na picha kwenye simu na kumwambia fundi wake, "Nataka hivi." Akajengewa hivyo. Juu ya dari kuna njia za bati zinazofika kila chumba, pana kiasi cha paka kulala na kugeuka. Stoo kuna feni kubwa inayovuta hewa kupitia matundu ya ukutani pale koridoni na kuisukuma vyumbani. Yote haya katika mji ambao mwezi wa saba tunapanda kitandani na makoti. Mwenyewe alikaa miezi michache akahama, tukapanga sisi. Majirani waliniuliza kama yale mabati ni ya kupitishia wageni.

Mume wangu ni dereva wa lori. Muda mwingi yuko njiani kwenda au kurudi Kongo, na akija nyumbani anakuja kama mgeni rasmi. Mimi ni wakala wa forodha. Nakimbiza makaratasi ya mizigo ya watu mpakani tangu asubuhi hadi jioni, na kazi hiyo imenipa mdomo. Sikatai. Mtu akinichelewesha, namwambia.

Mama yangu alikuwa Ileje, peke yake, kwenye nyumba yetu ya mlimani tangu baba afariki. Mtoto wake aliyebaki ni mimi tu. Mwishoni mwa masika iliyopita aliteleza akitoka kuchota maji, akashindwa kuinuka, akalala kwenye tope mpaka jirani aliyekuwa anatafuta mbuzi wake alipomwona. Jirani aliponipigia simu sikumaliza hata kumsikiliza. Nilimfuata Mama siku hiyo hiyo, nikamwambia hatakaa tena peke yake. Akapakia nguo zake, kigoda chake na chekeche lake la unga, kwa sababu machekeche ya mjini, alisema, yana matundu ya kupitisha panya.

Tunduma ikampokea kwa vumbi. Malori yanapanga foleni ya mpakani hadi karibu na geti letu, injini zinanguruma, na kila linalosogea linaacha wingu lake. Wiki ya tatu Mama alikuwa anakohoa hadi anashika ukuta. Daktari akamsikiliza kifua, akaandika dawa, kisha akaniita pembeni.

"Ni pumu, na hewa hii haimfai. Mlete tena baada ya miezi miwili. Kama kifua hakijatulia, mrudishe milimani."

Alisema kirahisi, kama mtu anayekuagiza urudishe chupa za soda. Nimrudishe kwa nani? Kwa mbuzi wa jirani? Nilitoka pale nimeogopa kweli, maana nilijua akirudi Ileje, safari ijayo akianguka huenda hakuna mbuzi atakayepotea.

Ndipo nikayakumbuka yale mabati yangu ya darini. Nina mteja mmoja, mfanyabiashara wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitu vilivyotumika vya majumbani. "Mulishani, mayo," ananisalimu kwa Kibemba kila siku, hata siku nilizonuna. Stoo kwake palikuwa na mashine ya umeme ya kusafisha hewa, ile inayochomekwa ndani ya njia ya hewa, kabla ya feni. Akanieleza ilivyo. Mbele ina wavu wa kuzuia nywele na takataka kubwa. Nyuma ya wavu kuna nyaya nyembamba kama uzi zinazolitia vumbi umeme, na nyuma yake kuna vibati vingi vilivyosimama bega kwa bega, ambavyo vumbi lenye umeme linakwenda kuvigandia. Nikaichukua. Mpakani nikajijazia makaratasi yangu mwenyewe, wenzangu wakalitazama lile boksi, wakaniuliza kama nimeanza kutotoa vifaranga.

Fundi niliyempata ni bingwa wa viyoyozi vya malori, mtu wa Nanyala, na kila kazi kwake ni "ndogo hiyo". Alizima swichi kubwa, akakata bati karibu na feni, akaingiza fremu, akakaza skrubu na kuzungushia utepe wa bati ili hewa isipite pembeni kwa kuiba. Waya wa mashine akauunganisha na wa feni, ili iwake feni inapozunguka tu. Hapo sikuwa na neno. Neno lilikuja nilipoona mshale wa kuonyesha hewa iendako ubavuni mwa boksi, na mshale wenyewe unatazama koridoni wakati feni iko upande wa pili.

"Fundi, hii umeiweka kinyume. Angalia mshale."

"Dada, hewa haisomi mshale."

"Mimi nasoma. Geuza."

"Huo ni urembo wa kiwandani tu."

Nilimweleza, kwa sauti ambayo majirani hawakuhitaji kusogea ili waisikie, kwamba nimeona watu wazima wakilala mpakani siku nne kwa sababu ya alama moja kwenye karatasi, na kwamba yeye hatoki humu ndani mpaka mshale utazame feni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anatutazama.

"Mgeuzie tu, mwanangu," akamwambia fundi. "Huyu tangu utotoni yuko hivyo."

Fundi akageuza. Ila alikuwa ametoka kuiwasha na kuizima ili ajaribu, hakuipa muda wa kupoa, akashika vibati kwa mkono mtupu. Umeme uliokuwa umebaki mle ndani ukamketisha sakafuni bila kukaribishwa.

"Ndogo hiyo," nikamwambia.

Alipoiwasha kwa mara ya mwisho ilikaa kimya kidogo, kisha ikasema: pa. Mama akashtuka. Fundi, aliyekuwa sasa anaipanga upya heshima yake, akamweleza kuwa vumbi dogo linakamatwa kimya kimya, lakini likipita vumbi kubwa au mdudu, lazima isikike hivyo.

"Kwa hiyo kimekula," Mama akasema.

"Kimekula, bibi."

Laiti angefunga mdomo wake.

Mwezi wa kwanza nilitamba. Kikohozi kilipungua, Mama akaanza kulala mchana bila kukaa kitako, na rangi ikamrudia. Mwisho wa mwezi nikaifanyia usafi kama nilivyoelekezwa: nazima, nasubiri, navuta visanduku viwili vinavyoshika nyaya na vibati, naviloweka kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, sisugui, maana zile nyaya ukizigusa vibaya zinakatika, nasuuza, nakausha. Maji yalitoka meusi tii. Nilimwita jirani aje aone kwa macho yake alichokuwa anakivuta kifuani miaka yote hiyo. Kosa langu lilikuwa kuvianika juu ya ukuta wa nje, hatua chache kutoka kwenye malori. Vilipokauka vilikuwa vyekundu kwa vumbi, vichafu kuliko vilivyokuwa kabla ya kuosha, nikaosha upya. Tangu siku hiyo navianika chumbani, kitandani, upande wa mume wangu, ambao kwa kawaida uko wazi.

Mwezi wa pili mambo yakaharibika. Mashine ilianza kulia pa, pa, pa, kama bisi kwenye sufuria. Ikawa haimalizi hata wiki bila kuchafuka, na inanuka kitu kilichoungua. Na maji ya kuoshea hayakuwa meusi tena. Yalikuwa meupe, mazito, ungeweza kutia sukari ukampa mtoto. Mama naye akaanza upya kukohoa, vibaya kuliko mwanzo. Nikampigia fundi, nikamwambia maneno ambayo leo nayaonea haya. Akaja, akafungua, akachota kile cheupe kwa kidole, akanusa.

"Dada, humu ndani mnasaga?"

"Tunasaga nini?"

"Huu ni unga."

Nilimwona amechanganyikiwa. Lakini nikakumbuka kwamba malori ya unga yanapita hapa kila siku kwenda Kongo, na mbele ya geti letu lilikuwa limeegeshwa moja, turubai limekazwa. Nikatoka moto. Nilimshusha dereva, nikamweleza kuhusu kifua cha mama yangu, nikamweleza na malezi yake yeye. Alinisikiliza hadi mwisho, akapanda, akafungua kona ya turubai. Alikuwa amebeba vigae vya sakafu. Nikamtakia safari njema, nikarudi ndani nikitazama viatu vyangu.

Zikabaki siku sita za kurudi kwa daktari. Kila Mama akikohoa niliona ile nyumba ya mlimani na njia yake ya utelezi.

Jumanne ya wiki hiyo, saa tano asubuhi, nikagundua nimesahau faili la mteja nyumbani. Nikachukua bodaboda, nikaingia haraka, na hata kabla sijavua viatu nikasikia Mama anazungumza na mtu koridoni. Nilifurahi, nikajua leo amepata mgeni.

"Na yule wa bondeni," Mama alikuwa anasema, "ng'ombe wake amezaa pacha."

Kisha nikasikia: pa.

"Enhe," akasema Mama. "Hata mimi nilishangaa."

Nikachungulia. Alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya matundu ya kuvutia hewa, chekeche mapajani, unga wa mahindi ndani yake. Alilitikisa kidogo, vumbi la unga likaruka, nusu likavutwa matunduni na nusu likamrudia puani. Akakohoa mpaka akainama. Akajifuta kwa kona ya kitenge, akatikisa tena.

Nililipuka. Nilimwambia kila kitu: kwamba nimemtukana fundi, nimemtukana dereva wa vigae, nimeosha vibati mpaka vidole vimechubuka, kwamba daktari atamrudisha mlimani wiki ijayo na atarudishwa na unga wake mwenyewe. Nilimuuliza, kwa jina la Mungu, ni nani alimwambia mashine inakula unga.

"Fundi," akasema. "Alisema kinakula. Na kinafanya kazi kutwa nzima. Wewe umewahi kukipa nini?"

"Mama, ni mashine."

"Najua ni mashine. Mimi si mtoto."

Akaweka chekeche chini, akalisawazisha vizuri, kama alivyokuwa akifanya nyumbani kabla ya kunikemea. Kwetu Ileje huwezi kukaa na mtu mkazungumza bila kumtia kitu mkononi, hata kiazi kimoja cha moto. Mtu akiongea na wewe, unamlisha. Nilikua nikilijua hilo.

"Unatoka saa moja asubuhi," akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Unarudi saa kumi na mbili jioni, umechoka, unakula, unalala. Mumeo yuko Kongo. Majirani wa hapa wanafunga mageti. Humu ndani nikisema neno, kinachonijibu ni hiki peke yake. Nikikipa kidogo, kinajibu zaidi."

Nilimtoa Ileje asikae peke yake, nikamleta mjini, nikamfungia na boksi la bati. Niliona aibu hata pa kuweka mikono sikupajua. Nikakaa sakafuni mbele yake, na faili la mteja nikalisahau kwa mara ya pili.

"Haya," nikasema mwisho. "Yule wa bondeni. Ng'ombe amezaa pacha, halafu?"

Akaniangalia kwanza, aone kama natania. Halafu akaniambia. Ilikuwa habari ndefu, na ng'ombe mwenyewe alikuwa sehemu ndogo tu. Ilipofika katikati akanyanyuka, akaniletea ugali na maharage, akaniwekea mkononi.

Tangu siku hiyo narudi nyumbani saa saba mchana kula naye. Wateja walinung'unika, nikawajibu kwa ule mdomo wangu, wakazoea. Siku hiyo hiyo tuliosha vibati pamoja, yeye amekaa kwenye kigoda anasimamia, mimi nimeinama kwenye beseni, akinikumbusha nisisugue kana kwamba ni yeye aliyenifundisha. Fundi nilimpigia kumwomba radhi. Akasema ndogo hiyo.

Kwa daktari nilimwomba atuongezee mwezi mmoja. Nilimwambia tu kwamba kulikuwa na unga, sikueleza zaidi. Mwezi ulipoisha tukarudi. Akaweka kile chombo chake mgongoni kwa Mama, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akarudia tena kulia. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili.

"Kifua kimetulia," akasema. "Akae tu. Mlifanya nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze kuhusu wavu, nyaya, vibati na mshale unaotazama feni. Mama akaniwahi.

"Nilikuwa nalisha kile cha ukutani," akamwambia daktari, huku akifunga vifungo vya blauzi yake. "Nimekiachisha. Sasa namlisha huyu."