Lebo Iliyofunika Asali

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyosimama katika duka moja pale Makindu, katoni ya asali miguuni pangu, nikimtazama mwenye duka akiigeuzageuza chupa yetu. Umeniuliza lebo za siagi yako ya karanga ziwe na ukubwa gani, na umeniandikia vipimo vinne nikuchagulie kimoja. Nimevisoma. Lakini kwanza acha nikueleze jinsi nilivyokosea mimi, kwa maana nilikosea nikiwa na rula mkononi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Mbumbuni kungoja barua ya kazi, na barua haikuja. Nilikuwa mtu wa kuwaza jambo moja mara kumi. Hata kiberiti nilikilinganisha na kingine kabla ya kukinunua. Mama yangu na wenzake wa kanisani walikuwa na kikundi cha kufuga nyuki, na asali yao waliiuza Kambu, kando ya barabara kuu, wakikimbilia kila basi lililosimama. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kukataa kazi hiyo.

Basi mwenye duka wa Makindu, mzee mmoja aliyetoka upande wa Nyeri, akawaambia kwamba wakimletea asali katika chupa safi zenye lebo, ataiweka dukani. Angeijaribu mara moja tu, Desemba, wasafiri wa Mombasa wakiwa wengi. Wateja wakiikataa, kina mama warudi kwenye mabasi yao.

Mwenyekiti wa kikundi aliitwa Kalunde, nasi tulimwita Mwaitu, kama Wakamba tunavyomwita mama. Akaniambia, "Wewe ndiye umesoma. Tuandikie kitu kidogo, kiende kwa chupa."

Nikaandika jina la asali. Kisha nikaogopa kwamba mtu hatajua imetoka wapi, nikaongeza Mbumbuni. Nikaogopa kwamba ikiganda ataidhani ni sukari, nikaongeza maelezo. Nikaogopa mchungaji atauliza neno la Mungu liko wapi, nikaongeza mstari wa Zaburi. Mwisho nikaandika majina ya kina mama wote kumi na wanne, kwa sababu ningemwacha nani? Kila hofu ilidai mstari wake, na kila mstari ulidai nafasi. Nikachukua tepu ya fundi wa nguo, nikapima chupa tumboni, tepu ikaizunguka yote. Nikapima kutoka shingoni hadi kitako. Vipimo hivyo ndivyo nilivyompelekea mpiga chapa wa Machakos.

"Umekata karatasi ya kawaida ukaivisha chupa kwanza?" akaniuliza.

Nikamwambia nimepiga hesabu. Akaviandika hivyo hivyo.

Lebo zilipokuja tulizibandika kwa uji wa unga wa ngano. Chupa zile zilikuwa zimenona katikati na kukonda chini, hivyo karatasi ilikubali tumboni tu. Kwingine kote ilijikunja. Mwaitu Kalunde akapitisha kidole kwenye mikunjo. "Msomi," akasema, "hii chupa umeishonea kanzu." Kina mama wakacheka, nami nikacheka nao. Kesho yake mimi na Mwaitu tukaenda Makindu hivyo hivyo.

"Mama," mwenye duka akasema hatimaye, "asali iko wapi?"

"Iko ndani," akajibu Mwaitu.

"Ndani ninajua. Mteja ataionaje?"

Kabla hatujajibu, mume na mke waliokuwa safarini wakaingia. Mume akaichukua chupa yetu. Hapa ni lazima nikueleze, kwa sababu wewe hukuishi wakati huo. Kando ya barabara ile kulikuwa na watu waliochemsha sukari na kuiuza kama asali, na karibu kila msafiri alikuwa amedanganywa angalau mara moja. Kwa hiyo hakuna aliyenunua bila kuipindua chupa, juu chini, na kungoja povu la hewa lipande. Likipanda polepole, ni asali. Likikimbia, ni sukari. Jambo hilo nililijua tangu utotoni. Nilikuwa nimeliona Kambu mara elfu.

Yule bwana akaipindua chupa. Akaona karatasi. Akaigeuza upande wa pili, akaona karatasi. Akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Maelezo yangu hakuyasoma hata mstari mmoja.

"Wanaficha nini hapa?" akamuuliza mkewe.

"Sukari," mkewe akasema, akichagua biskuti.

Wakalipia biskuti, wakaenda. Nilitaka kuwafuata niwaeleze. Mwaitu akanishika mkono wa sweta.

"Hii siweki," mwenye duka akasema. "Wataniita mimi mwizi."

"Tupe mpaka saa kumi," Mwaitu akamwambia. "Uko na makasi?"

Nyuma ya duka tukalowesha chupa katika karai mpaka lebo zikaachia. Lebo za ziada tulizokuja nazo katika bahasha zilikuwa bado kavu. Akachukua moja, akaikunja kutoka kila upande mpaka ikatoshea kiganjani mwake, akaishikiza kwenye chupa iliyojaa. Akanituma nisimame hatua kadhaa, kama mteja anayeingia mlangoni.

"Unasoma?"

"Jina nasoma. Na Mbumbuni."

"Asali unaiona?"

"Naiona."

"Basi kata."

Nikashika makasi, nikasita. "Mwaitu, majina yenu yatatoka yote. Hata la mama."

"Majina yetu sisi tunayajua," akasema. "Huyu wa safari anataka kujua kama ni asali." Kisha, bila ukali, akaongeza: "Ulimwogopa mchungaji, ukaniogopa mimi, ukaogopa kina mama wote. Mwenye kununua ndiye hukumwogopa."

Nikakata. Jina la mama likaanguka kwenye majani pamoja na mengine.

Tulibandika vipande vile, tukazipanga chupa dukani kabla ya saa kumi. Mwanamke mmoja akaja, akaichukua moja, akaipindua, akangoja. Povu likapanda taratibu kupitia asali ya rangi ya chai. Akaenda nayo moja kwa moja kwa mwenye duka, na mzee yule akatuambia juu ya bega la mteja, "Leteni ingine wiki ijayo. Na karatasi ibaki hivyo." Mama yangu hakurudi tena kukimbilia mabasi.

Kwa hiyo, mwanangu, weka kando vile vipimo vyako. Jaza chupa kwanza, kisha ujiulize mnunuzi wako anataka kuona nini kwa macho yake. Kwenye siagi ya karanga nadhani ni mafuta yanayopanda juu, lakini kamuulize mwenyewe, usinisikilize mimi. Sehemu hiyo iache wazi. Kata karatasi ya daftari, uivishe pale chupa ilipo nyoofu, usiguse inapoanza kupinda. Rudi nyuma hatua kadhaa. Jina likisomeka, umefika. Lisiposomeka, ongeza, maana mwaka uliofuata nilitengeneza lebo ndogo mno na mzee wa Makindu akaomba miwani. Na ukiona unaongeza mstari, jiulize unamwandikia mnunuzi au unaiandikia hofu yako.

Mungu akutulize moyo. Akupe wanunuzi wenye macho makali na kazi isiyoogopa kutazamwa, na kila atakayefungua chupa yako akute ndani kile alichokiona nje.